Kipande ya Tatu

Bunia, Mbunya, tarehe 7 Februari 2010

Mwalimu Michée,

Kaa chini kwanza. Nakujua weye: utafungua karatasi ya kitabu mbele ya barua, na barua itabaki chini ya sahani mpaka inakunywa mafuta. Soma hii kwanza, kisha kitabu.

Siye tuko. Mama iko muzima, mguu tu njo unamusumbua. Mu Mbunya watu wanajenga kila pahali, soko imejaa, lakini tairi ikipasuka pa barabara kila mutu anaangalia kwanza mulango iko wapi. Wanasema ni amani. Sawa, tunaipokea vile iko.

Kitabu chenye nimekuchagulia ni ya muhandisi mwenye alijenga daraja mu kijiji chenye hakina mto. Unapenda watu wa kichwa ngumu, utamupenda huyu. Unaona, sheria ya Directeur Alphonse, mukubwa wa nyumba yetu ya masomo ya zamani, bado naifuata, Mungu amupumzishe: mwenye kumaliza kitabu hajichagulii ingine, mwenzake njo anamuchagulia. Kwa hiyo nangojea uchague ya kwangu, na uchague vizuri, maana nimesoma kila kitu mu hii nyumba mpaka karatasi ya dawa ya kuku.

Sasa ile neno yenye unaikimbia. Unakumbuka vile Directeur alikata kitabu cha fundi wa saa na wembe, akashona vipande tatu na karatasi ya mufuko ya sima ya kujengea, juu tusome siye watatu kwa mara moja. Vita ilitukuta vile. Mimi nilikimbia na ya kwanza mu kitenge, yeye na ya pili, weye na ya tatu. Mjane wake alinipa ya pili. Ya mwisho iko kwako mpaka leo, na yule fundi miaka saba anakaa mulangoni na saa yenye yule mama alimuachia, anamungojea aje kuitwaa.

Watoto wangu wa mwaka ya tano nawasomea kila siku ya tano ya juma, saa ya mwisho. Tumefika pa mwisho wa kipande ya pili. Wananiuliza kila siku: mama ya saa atarudi? Nawaambia mwisho iko Bule.

Usiitume na Delphin. Ni binamu yangu na namupenda, lakini ataiweka mu lori yake, chini ya magunia ya maharagi. Ulete weye mwenyewe. Na usiniambie nipige simu: réseau ya simu mu Bule iko juu ya kilima, na pale juu kijiji chote kinasikiliza.

Angélique Vahwere


Bule, tarehe 21 Februari 2010

Mwalimu Angélique,

Nilifungua kitabu kwanza. Unisamehe. Barua haikuenda chini ya sahani, iko mu mufuko ya shati, na Delphin ni shahidi.

Ule muhandisi wako! Nilicheka mpaka jirani alikuja kuuliza kama niko na homa. Watu wanamwambia, bwana, mto haiko, na yeye anajibu, mto ikikuja itakuta tuko tayari. Nimesoma ile kipande ku darasa na watoto wakapiga makofi. Hapa mabati ya nyumba ya masomo ni mapya lakini ukuta bado ni wa miti, baridi inaingia na inakaa na siye kama mwanafunzi.

Kwako nachagua kitabu cha nyuki. Usivute mudomo! Ni kitabu cha kufuga nyuki, kweli, na hakuna hadithi ndani, lakini yule mwenye kuiandika anapenda nyuki wake kuliko watu, na kila ukurasa anaanza kufundisha na anamaliza kwa kuwasifu. Wasomee watoto sura ya mizinga. Ulisema uko nao wengi wenye walitoka mu kambi ya wakimbizi. Mimi sichagui kwanza kitabu chenye nyumba inaungua. Naanza na kitabu chenye nyumba inajengwa, hata kama ni ya nyuki.

Kuhusu kipande: iko. Iko mu sanduku, panya haijaifikia. Nitaileta. Mwezi hii inspekteri anakuja, na mwezi yenye inakuja mvua itakata njia, unajua vile Djugu iko. Usiwaze.

Lakini niambie kitu moja. Ukisoma mwisho, utabaki na nini ya kuniomba?

Michée


Bunia, tarehe 28 Machi 2010

Michée,

Inspekteri, mvua, njia. Kwa nini usiongeze na tetemeko ya inchi?

Nyuki zako zimeniharibia darasa. Sasa kila mutoto anataka kufuga, na mama moja alikuja kuniona na mutoto wake, uso umevimba, anasema, mwalimu, munafundisha nini? Nilimwambia ni Bule njo wanafundisha vile. Lakini ulichagua vizuri, naikubali. Ile pahali anaeleza vile nyuki zinajua mlango yao hata mzinga ukihamishwa usiku, nilisoma mara mbili, kisha nikawaambia wafunge vitabu.

Niko na mutoto mwenye anaitwa Prudence, wa kwenu Djugu, anaishi kwa shangazi yake. Hasemi mingi. Niliwauliza watoto wote kama wangependa nini kisha nyuki, wengine wanataka simba, wengine mupira. Yeye alikuja pa meza yangu wote wakiisha kutoka, akasema: "Mwalimu, kitabu chenye mutu anarudi." Nimetafuta mu sanduku yote, Michée. Mu vitabu vyangu watu wanaondoka, wanaondoka, na wanaondoka. Niko na hiki moja tu chenye labda mutu anarudi, na mwisho yake iko kwako.

Watoto kila moja iko na mwisho yake. Mumoja anasema fundi ataoa mwingine, mwingine anasema saa itaibiwa na askari. Mimi naona yule mama atashuka mu mvua na mwavuli nyekundu, na fundi hatamutambua mara ya kwanza. Prudence anasema atamutambua.

Kwa nyumba siku hizi wageni ni wengi, wanakaa saa mingi na mama anawapikia kuku. Nimechoka na hawa wageni. Sitaki kueleza.

Nakutumia kitabu cha muke mwenye alichora ramani ya mji wake kwa kuhesabu harufu: mkate, mafuta ya taa, samaki, sabuni. Ukimaliza, nichoree avenue yetu vile, kama bado unaikumbuka.

Lete kipande. Usitume. Lete.

Angélique


Bule, tarehe 25 Aprili 2010

Angélique,

Barua yako nimeisoma mara mingi, pahali moja zaidi ya zingine. Sitakwambia ni wapi.

Avenue yenu: ukitoka pa barabara kubwa ni mafuta ya taa pa kiduka ya kona. Kisha harufu ya ngozi, kwa fundi ya viatu. Kisha mandazi ya mama Bibiane, na pale pa mandazi nilikuwa natembea polepole, juu kisha mandazi ni nyumba yenu. Unaona kama nakumbuka. Nakumbuka hata vitu vingine vyenye sitaki.

Mwambie ule mutoto Prudence kama mwalimu wa Bule anatafuta pamoja naye. Ni swali nzuri kuliko yote yenye inspekteri aliniuliza.

Sikia. Proclamation, siku ya kusoma matokeo, ni tarehe 2 ya mwezi ya saba. Watoto wakiisha kupata points zao, siku ya posho, ile jumamosi yenye inafuata, nakuja. Naleta kipande mu mukono yangu. Nimeandika, na mbele ya kuandika nilitembea huku na huku mu darasa tupu mpaka mulinzi wa zamu akauliza kama nimepoteza kitu.

Hao wageni wako, sitauliza ni nani.

Michée


Bunia, tarehe 11 Julai 2010

Mwalimu,

Tulikungojea siku ya posho. Hatukuona mutu. Nilisema labda moto, ile pikipiki ya kukodi, imeharibika, nikangojea na siku ya mungu kisha misa. Delphin amerudi toka Bule juzi na anasema uko muzima, ulikuwa unacheza mupira na walimu.

Basi, nafurahi kama uko muzima.

Safari hii sikukuchagulia kitabu. Niliangalia sanduku na sikupata chenye kinakufaa.

Angélique Vahwere


Bule, tarehe 18 Julai 2010

Mwalimu Angélique,

Delphin anakupa kipande ya tatu. Nimeifunga na nailoni, kisha na kitambaa, na amekubali kuiweka mbele, pembeni yake, mbali na maharagi. Uwasomee watoto. Prudence kwanza.

Unaandika hamukuona mutu. Nilifika, Angélique. Nilishuka pa barabara kubwa na nikatembea mpaka pa kiduka ya kona. Miaka saba sikuwa nimekanyaga pale. Unajua pale, mu vita, wanamgambo walinifukuza na mapanga, uliona na macho yako pa dirisha. Niliipita hata hivyo.

Kisha niliangalia kwenu. Niliona bâche ya bleu, turubai kubwa, imefungwa juu ya kiwanja, viti vya plastiki vimepangwa, watu wamevaa vizuri. Niliona gari ya muzee Liévin wa depo ya sima, na mama yako anamupokea na mikono mbili. Delphin aliniambia tangu Pasaka kama muzee alifiwa na muke wake na anakutaka, mutu wa kwenu Butembo, na nyumba ya matofali. Nikafahamu nimefika siku ya kutoa mali ya ndoa. Mutu hawezi kuingia mu siku ya vile na kipande ya kitabu mu mukono. Nilipanda moto ya kwanza yenye nilipata.

Sikukasirika. Nililia, nakwambia wazi. Mwenye moto aliuliza, nikasema ni vumbi, na kule njiani mvua ilikuwa imenyesha.

Muzee Liévin ni mutu mwema, hata hapa wanamusifu. Sasa uko na mwisho ya kitabu na hauna tena sababu ya kungojea mutu wa Bule. Usinichagulie tena. Haifai bibi ya mutu achagulie mwanaume mwingine vitabu.

Mungu akulinde.

Michée


Bunia, tarehe 25 Julai 2010

Michée,

Weye ni mujinga. Naandika tena ili usome vizuri: mujinga mwenye diplôme.

Ile bâche ilikuwa yako! Viti nilienda kuomba ku kanisa, mimi mwenyewe, nikavibeba na kichwa pamoja na watoto. Niliwaambia: mwalimu wa Bule anakuja na mwisho ya fundi wa saa, atatusomea na mudomo yake. Walikuja wote na wazazi, wamevaa nguo za proclamation. Muzee Liévin alikuja juu mutoto wake iko mu darasa langu, aka! Mama alimupokea na mikono mbili, ndiyo, mama yangu anapokea hata muuza sabuni na mikono mbili. Ungeongeza hatua kumi tu, ungesikia watoto wanaimba wimbo yenye niliwafundisha juu yako. Weye umepita mapanga yote ya zamani, na umekimbia viti vya plastiki.

Prudence alikaa mbele kabisa, na viatu vya shangazi yake. Tulingojea mpaka chai ikaisha. Mvua ikakuja, ikajaza bâche mpaka ikashuka katikati ya watu. Nikasimama mbele ya watoto wangu nikasema njia imekatika, mwalimu atakuja siku ingine. Wengine walienda. Prudence aliniuliza, "Kwa hiyo hakurudi?" Nilimupa kiti abebe, Michée. Mimi mwalimu, mutoto anauliza, namupa kiti.

Ni kweli muzee Liévin alituma watu. Njo wale wageni wa kuku. Mama alitaka nijibu mbele ya mwezi ya saba kuisha, na mama haiko mubaya, anaogopa afe aniache peke yangu na sanduku ya vitabu. Nilijibu jioni ile ile, viti bado vimelowa. Nilisema hapana. Mama hajanisalimia mpaka leo asubuhi.

Nilitaka kukuandikia kama hapana yangu haikuwa juu yako, usije ukajivuna. Lakini ilikuwa juu yako. Nimechoka kuandika juu ya nyuki.

Kipande yako nairudisha. Sikuifungua, angalia, fundo ni yako. Najua kuko nini ndani. Mwaka yenye nilienda Butembo kuzika nyanya, nilikuta mwalimu moja pale na kitabu kizima, na nilikimaliza nikisimama pa mulango wake. Mwisho najua tangu zamani. Mutu anaomba mara na mara kitabu chenye amekwisha kusoma, anasema usitume, lete: huyo mutu anatafuta nini? Weye mwenye kufundisha watoto kusoma, jiulize.

Vipande mbili viko juu ya meza yangu. Nimeomba sindano kubwa na uzi ya magunia kwa Delphin. Ukileta ya tatu tutaishona iwe kitabu kimoja. Ukiituma tena, naitia mu mbabula ya makaa na kupikia mama chai.

Angélique


Bule, tarehe 1 Agosti 2010

Angélique wangu,

Mujinga, nakubali. Nilimusomea Delphin ile pahali ya viti vya plastiki, akaanguka juu ya magunia yake kwa kucheka, na bado anacheka mu Fuso, lori yake, nikiandika hii.

Lakini kitu moja nilijua. Mwezi ya tatu uliniandikia kama yule mama atashuka mu mvua na mwavuli nyekundu. Ile mwavuli haiko mu kipande ya kwanza, haiko mu ya pili. Iko mu ya tatu tu. Nilikuwa nimesimama pa mulango ya darasa, nikasoma ile mistari, nikakaa chini mu vumbi na watoto wakaniangalia. Tangu siku ile nilijua hautafuti kitabu. Njo sababu niliandika kama nakuja. Na nilipoona ile bâche nilisema, Michée, umechelewa, aliita mpaka amechoka.

Inspekteri alikuja mara moja tu, na hakukaa hata nusu siku. Njia haikukatika. Sikutuma kipande juu nilifikiri kitabu ikiisha barua zitaisha, na sikuleta juu niliogopa ile kona. Bado naiogopa. Usiku naiota. Lakini kuiota nikiwa hapa na kuipita nikienda kwako, kumbe si uoga moja.

Siku ya posho napanda na Delphin, juu ya maharagi, na kipande iko ndani ya shati. Nimeomba nafasi ya mwalimu mu Bunia. Wakikataa tutaona, hata Bule kuko kiwanja ya nyumba. Nitaongea na mama yako mimi mwenyewe, na mikono mbili.

Haukunichagulia kitabu safari hii. Directeur atanisamehe kule iko, nimevunja sheria yake: hii mara moja nimejichagulia mwenyewe.

Mwambie Prudence jibu iko njiani. Uweke viti.

Michée